Rundo Ambalo Sikulipanda

Kongwa, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Nyemo,

Mbukwa. Salamu nyingine sikupi, maana tumeonana asubuhi, uji tumekunywa pamoja, na wewe ndiye uliyenitilia. Mimi mzima. Habari za hapa unazijua, uko hapa hapa. Wewe na mama yako mmeshuka madukani kutafuta godoro na ndoo yenye mfuniko, mimi nimebaki uani na hili daftari lako la zamani la shule, ambalo kurasa za katikati hazikuandikwa. Mstari wa kwanza nimeuandika mara nne. Nimechana mara tatu.

Usishangae kupata barua kutoka kwa baba yako mdogo ambaye mnalala nyumba moja. Najua watu wananiitaje. Redio Stefano. Redio isiyo na betri na haizimi. Ningeweza kukuita jioni ukakaa hapa kwenye benchi nikakwambia kwa mdomo. Tatizo ni kwamba nikifungua mdomo, wewe unaanza kutabasamu kabla sijafika popote. Nimekuzoesha hivyo tangu ukiwa mtoto wa kubebwa. Na mimi nikiona mtu anatabasamu sijiwezi, naongeza. Fisi mmoja anakuwa watatu, na wa tatu ninampanda mgongoni hadi Mpwapwa. Karatasi haitabasamu. Ndiyo sababu.

Mambo ya sabuni, ya komeo la mlango wa chumba chako cha chuo huko Miyuji uendako kesho, ya kutopanda bajaji na mtu usiyemjua, mama yako ameyasema mpaka umeyakariri, siyarudii. Mambo ya uhasibu siwezi kukufundisha, mimi niliishia darasa la tano. Ingawa kama unavyojua, mwalimu wetu wa hesabu alikuwa ananitoa mbele ili nimsaidie kufundisha. Hapana. Alikuwa ananitoa mbele ili anichape. Unaona? Hata kwenye karatasi inatoka yenyewe. Nitajitahidi.

Naandika kwa sababu ya Jumapili iliyopita.

Tulitoka kanisani, ukakaa kwenye kizingiti cha jikoni na yale madaftari ya marehemu baba yako, yale ya ghala, na kalamu nyekundu uliyoazima kwa mwalimu. Wiki tatu nzima ulikuwa unayasoma kama mtu anayetafuta sindano. Nilidhani unajifunza tu kabla ya chuo. Ukaniita.

"Bamdogo, nimeyamaliza."

"Yote?"

"Yote. Mwaka mzima aliokaa ghalani. Kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kila ukurasa unafunga. Hakuna kosa hata moja."

Nikasema, "Si nilikwambia? Kaka alikuwa na mkono wa karani wa bomani."

"Ndiyo hivyo," ukasema. "Kama hesabu hazina kosa na magunia hayakuwepo, basi aliyachukua. Watu hawakumsingizia. Nilikuwa nataka tu kujua."

Ukafunga daftari, ukavuta ungo, ukaanza kuchambua mlenda. Hukulia. Sauti yako haikubadilika hata kidogo. Ukasema ukimaliza chuo utakuwa mhasibu ambaye hakuna mtu atakayemtilia shaka, ili jina la ukoo lipumzike.

Unakumbuka mimi nilisema nini? Nilisema magadi usizidishe.

Leo ni siku ya sita. Ningependa kukwambia kwamba siku hizi sita sikulala, kwamba nilitembea mpaka mlimani nikipiga kelele. Sivyo. Nimelala vizuri tu. Nimekula. Juzi kwenye mnada nilihadithia watu kile kisa cha dume la ng'ombe lililopanda basi, wakacheka wakashika mbavu, nami nilikuwa nawasikia kama vile wanacheka nyumba ya pili. Ni kama mguu ulioukalia vibaya ukafa ganzi, unaubonyeza na hauhisi, unajua tu kwamba ni wako. Mimi niko hivyo muda mrefu. Si siku sita.

Sasa nasema. Baba yako hakuchukua gunia hata moja, Nyemo. Magunia yale hayakuwahi kuwepo. Aliyesema yapo ni mimi.

Nitaeleza polepole, maana wewe unakwenda kusomea mambo haya na utataka kujua kila hatua.

Ghala la kikundi chetu cha wakulima unalijua, lile banda refu la mabati la enzi za Wazungu wa karanga. Babu yako alibeba misumari wakati linajengwa. Mimi husema yeye ndiye aliyemwambia bwana mkubwa wa Kizungu kwamba udongo huu hauzai karanga, na bwana mkubwa akavua kofia. Ukweli ni kwamba babu yako alibeba misumari. Miaka mingi baadaye kikundi kikawa kinaweka mahindi mle, na mtunza ghala aliyekuwepo akapata kazi mbali, huko nyanda za juu. Kamati ikamchagua baba yako kushika nafasi yake. Kaka Lameck alikuwa amemaliza kidato cha nne, mtu pekee katika nyumba yetu. Siku waliyomchagua nilijisifu mimi kuliko yeye. Nilizunguka vilabuni nikisema ghala sasa ni letu.

Kukabidhiana ghala kulikuwa na desturi yake. Rundo linabomolewa lote, makuli wanalihamishia upande wa pili, na kila kuli akipita na gunia anaangusha kijiti kimoja kwenye debe. Mwisho vijiti vinahesabiwa. Vijiti vikiwa mia, magunia ni mia. Hakuna kubishana. Ni kazi ya siku mbili, vumbi mpaka kwenye meno, lakini ndiyo desturi, na ilikuwepo kabla hatujazaliwa.

Siku ya makabidhiano wewe uliamka na homa. Ulikuwa na miaka sita. Ulikuwa unaweweseka, unamwita mbuzi wako kwa jina. Mama yako alikuwa amekwenda msibani kwao. Baba yako akakufunga kwenye shuka, akasimamisha lori lililokuwa linakwenda hospitali ya wilaya. Kabla ya kupanda akanipa lile debe la vijiti na karatasi ya makabidhiano.

"Stefano," akasema, "leo usiongee. Hesabu."

"Kaka, unaniambia mimi? Mimi ninayehesabu ng'ombe mnadani wakiwa wanakimbia?"

"Ndiyo maana nakwambia. Usiongee."

Lori likaondoka. Hilo la wewe kuumwa usije ukalitia kwenye hesabu. Mtoto kuumwa si kosa la mtoto. Nalisema kwa sababu nakujua, unapenda kubeba.

Nilipofika ghalani, mtunza ghala yule alikuwa amekwisha kufunga virago, sanduku lake liko mlangoni, anatazama saa. Gari lake lilikuwa linapita mchana. Akasema kuna haja gani ya kubomoa, rundo limepangwa vizuri, hesabu upana, hesabu kimo, hesabu kina, zidisha. Nikatazama. Kweli lilikuwa rundo zuri, limekaa juu ya chaga zake za mbao kama ukuta wa kanisa. Makuli walikuwa wamekaa kivulini, na mnyapara wao alikuwa Hamisi, Msandawe wa Chemba. Yule niliyekuhadithia kwamba alinifundisha lugha yao kwa siku tatu, nikawa nagonga ulimi mpaka kuku wanakimbia. Hakunifundisha. Alikuwa mtu wa maneno machache na mimi nilikuwa nampigia kelele tu.

Nikasema, "Haya. Kubomoa hakuna. Mimi nina jicho."

Makuli wakafurahi, kazi imepungua. Hamisi hakufurahi. Akaja karibu.

"Bwana Stefano, gunia si ng'ombe. Haliinui kichwa ukalijua."

"We Hamisi, umesoma wapi?"

"Sikusoma. Ninapanga tu. Pembe hizi nilipanga mimi. Huko katikati walipanga wengine, mwaka wa mvua nyingi. Kama hubomoi, basi panda juu, utazame katikati. Dakika moja tu."

Rundo lilikuwa na tabaka kumi na nane. Ngazi ilikuwa pale pale, imeegemezwa.

Hapa nataka usome taratibu, maana jambo hili hakuna mtu niliyewahi kuishi naye anayelijua, hata mama yako mdogo, mke wangu aliyevumilia miaka mitano kabla ya kurudi kwao. Mimi naogopa kupanda juu. Si kidogo. Nikifika ngazi ya tatu masikio yanavuma, natamani kujiachia. Nimekuwa hivyo tangu utotoni. Kile kisa changu cha kuruka kutoka juu ya behewa, kile cha kulala juu ya mnara wa maji kukwepa simba, vyote navisimulia kwa sababu hiyo hiyo. Mtu akishanisikia nikiruka juu ya behewa, nani ataniambia Stefano, panda uezeke hapo? Mwezi wa kuezeka siku zote mimi hushikwa na mgongo, hukuwahi kuona?

Nilitazama ngazi. Nikatazama makuli, kumi na mmoja, wote wananitazama mimi, Redio. Ningesema, "Hamisi ndugu yangu, mimi naogopa, panda wewe." Angepanda. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Angepanda, angetazama, angeshuka, na baba yako angekufa akiwa na ng'ombe zizini.

Nikasema, "Unanifundisha kazi? Mimi nimehesabu magunia bandarini Dar es Salaam wewe bado unachunga mbuzi Chemba!"

Dar es Salaam sijawahi kufika, Nyemo.

Makuli wakacheka. Hamisi akarudi kivulini. Nikahesabu kwa kidole nikiwa chini. Upana ishirini. Kimo kumi na nane. Kina nikatembea pembeni, matano. Elfu moja na mia nane. Yule mtunza ghala akasema ndiyo hiyo hiyo iliyoko kwenye daftari lake. Nikaandika kwenye karatasi, yeye akasaini upande wake, akaenda zake. Upande wa anayepokea nikauacha wazi kwa ajili ya baba yako. Tulitumia nusu saa. Muda uliobaki niliumaliza nikiwasimulia makuli habari za bandarini.

Baba yako alirudi siku ya tatu, amekubeba mgongoni, umepona, umekonda kama kuku wa masika. Alikuwa hajalala. Nikampa karatasi.

"Vijiti vilitosha?" akaniuliza.

"Vilitosha."

"Ulihesabu mwenyewe?"

"Moja moja, kaka."

Akachukua kalamu, akasaini akiwa amesimama, wewe bado uko mgongoni.

Miezi ilipita. Aliandika kila gunia lililoingia na kutoka, wewe mwenyewe umeona. Msimu ulipokwisha mnunuzi akaleta malori, rundo likabomolewa. Nilikuwepo. Walipofika katikati wakakuta tundu, limekwenda chini mpaka kwenye chaga, kama kisima kikavu. Mtu mzima anasimama ndani haonekani. Walipomaliza kuhesabu, yalikosekana magunia mia mbili na kumi na moja.

Sijui tundu lile lilitoka wapi. Inawezekana waliliacha makusudi ili mahindi mabichi ya mwaka wa mvua yapate hewa, na kwenye daftari wakahesabu kama limejaa. Inawezekana mtu alichimba. Sitamsingizia yeyote, nimeshashiriki kusingizia mmoja. Ninachojua ni kwamba lilikuwepo siku ile nilipokuwa nimesimama chini na kidole changu.

Lakini watu walioliona siku hiyo waliona nini? Waliona rundo ambalo nje ni zima na ndani limeliwa. Mmoja akasema kwa sauti, "Alikuwa anakula kutoka katikati, kama panya." Ile "panya" ndiyo iliyokufuata shuleni. Unadhani nimesahau siku uliyorudi umechaniwa shati?

Kamati ikakaa pale pale, juu ya magunia. Mwenyekiti akamuuliza, "Lameck, ulipokea mangapi?"

"Elfu moja na mia nane."

"Ulihesabu?"

Baba yako akasema, "Sahihi ni yangu."

Wakampigia simu yule mtunza ghala wa zamani huko aliko. Akajibu kwamba karatasi ya makabidhiano inajieleza yenyewe. Hamisi alikuwa amesharudi kwao kulima. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango, hatua kumi kutoka kwa kaka yangu. Ningependa kukwambia alinitazama na macho yake yalisema jambo fulani, ingekuwa hadithi nzuri. Hakunitazama. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nilisubiri aseme "mdogo wangu ndiye aliyehesabu." Nilikuwa nimeshaandaa jibu, lenye vichekesho ndani yake. Hakusema. Jibu likabaki kinywani.

Pale ndipo ganzi ilipoanza. Nikahisi kitu kinafungwa, taratibu, kama mtu anayefunga dirisha ili asikusumbue.

Ng'ombe walivyotoka zizini kulipia magunia unakumbuka. Ulikuwa unawahesabu kwa sauti wakipita. Na shamba la bondeni. Na kazi yenyewe. Baba yako akawa mtu wa kuchonga mipini ya majembe na kunyamaza. Nyote mlidhani ni aibu ya mwizi. Ndivyo hata mama yako alivyodhani, namwona anavyofanya haraka kubadili mazungumzo.

Aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa tunarudishia miiba ya zizi, zizi lenyewe tupu, sijui tulikuwa tunalifungia nini.

"Stefano. Ulihesabu kweli?"

"Moja moja, kaka. Haki ya Mungu."

"Basi," akasema. Akanipa mwiba mwingine.

Sijui kama aliniamini au alinisamehe, au alichoka tu. Nimelifikiria hilo neno "basi" miaka mingi kuliko neno lolote la Biblia.

Halafu kuna jambo lingine, nalo ni baya zaidi, ungeweza usilijue kamwe. Miaka minne baadaye nilikutana na Hamisi mnadani Kibaigwa. Amezeeka, amekuja kuuza mbuzi. Akanisalimia, akauliza, "Lile rundo lenye tumbo, Bwana Stefano, mliishia nalo wapi?" Hivyo hivyo. Lenye tumbo, yaani tundu alilijua. Shahidi mzima, ana akili zake, amesimama mbele yangu na kamba ya mbuzi mkononi. Baba yako alikuwa hai, yuko nyumbani anachonga mpini. Ningemshika Hamisi mkono tukapanda gari moja.

Nilimnunulia nyama. Nikamsimulia kisa cha fisi. Akacheka, akala, akaenda.

Na kwenye msiba wa baba yako, miaka mitatu iliyopita, mimi ndiye niliyechekesha watu matangani siku zote tatu. Walisema Stefano ana moyo, angalia anavyowafariji wafiwa. Nilikuwa sihisi chochote. Nilikuwa naongea kama bomba lililoachwa wazi.

Ndiyo hayo. Mawaidha sina mengi, na sidhani kama mimi ni mtu wa kuyatoa. Nitakwambia niliyoyaona tu.

Huko uendako watakufundisha kumkagua mwizi. Mwizi si shida kubwa, mwizi utamshtukia, utamchunga. Shida ni mtu atakayekuja kwako siku umechoka, siku una mgonjwa mgongoni, akakwambia nimeshahesabu, we saini tu. Huyo hatakuwa adui yako. Atakuwa mtu unayempenda, mcheshi, aliyekubeba utotoni. Kumwambia "nami ngoja nihesabu" itakuwa kama kumtukana. Mtukane, Nyemo. Kaka yangu alinionea haya kwa dakika moja, akalipa mpaka anaingia kaburini.

Na wewe mwenyewe utakuwa na ngazi yako. Sijui itakuwa ipi. Pengine darasani kuna kitu wenzako wote watajifanya wanakielewa na wewe hukielewi, na wote wanakutazama wewe kwa kuwa ulifaulu hesabu. Sema huelewi. Watacheka siku moja, nusu siku. Mimi nilikwepa kicheko cha makuli kumi na mmoja ambao nusu yao walikuwa wamelewa. Majina yao siyakumbuki hata mawili.

Si uoga wangu ulioua jina la baba yako. Uoga ninao mpaka leo na haujamuumiza mtu siku nilizousema, ila siku hizo hazipo. Nilichofanya ni kuufunika kwa maneno. Maneno yalikuwa mengi na matamu, na kila mtu alitaka tena.

Sasa, kuhusu madaftari. Wewe ni hodari, lakini ulianza kukagua mahali pasipofaa. Ulianza ukurasa wa kwanza wa mapokezi ukashuka mpaka mwisho, na kila kitu kikafunga, kwa sababu baba yako hakukosea kujumlisha hata siku moja. Lakini ile namba ya juu kabisa, ile aliyoanza nayo, uliichukua kama ilivyo. Naye aliichukua kama ilivyo. Ukianza na namba ya uongo ukawa mwaminifu kuanzia hapo, utafika mwisho ukiwa mwaminifu na uongo wako uko pale pale. Sijui chuoni wanaiitaje. Nadhani ni somo la wiki ya kwanza.

Karatasi ya makabidhiano imebandikwa ndani ya jalada la lile daftari la kijani. Iko pale. Usiniamini mimi, una haki zote za kutoniamini. Mtu aliyekudanganya kuhusu fisi, kuhusu behewa, kuhusu bandari, kwa nini umwamini juu ya hili? Pengine utasema bamdogo anamtetea kaka yake, ameamua kubeba lawama ili mimi niondoke na moyo mweupe. Ingekuwa tabia nzuri. Sina tabia hiyo.

Kwa hiyo kagua. Fungua jalada. Sahihi ya chini ni ya baba yako, unaijua. Lakini itazame ile namba. Baba yako nane yake aliizungusha mara moja bila kuinua kalamu, iko hivyo kwenye kila ukurasa wa kila daftari. Mimi nane yangu ni viduara viwili, kimoja nakiweka juu ya kingine, havigusani vizuri, nilivyojifunza darasa la pili na sikubadilika. Nimeiandika hapa chini kwa mkono ule ule. Weka karatasi mbili pamoja ulinganishe.

1800

Mkutano wa kikundi ni Alhamisi. Nimekwenda kwa katibu kuomba nafasi ya kusema. Akaniuliza aandike ajenda gani. Nikasema, "Habari za kaka yangu na lile rundo." Akacheka, akasema, "Bwana Stefano, leo umetuletea ipi tena?" Akaandika "mengineyo." Sijui kama watanyamaza nikianza. Wazee wawili waliokuwepo wamebaki hai. Ng'ombe hawarudi, shamba lina mwenyewe. Nitasema hata wakicheka, na nimetuma ujumbe Chemba kwa watu wanaomjua Hamisi, kama bado yupo.

Kuna namna nyepesi ya kukupa barua hii, na nimeifikiria tangu asubuhi. Kesho, gari likiwa limeshawashwa, nikupitishie dirishani, gari liondoke, nibaki nimesimama napunga mkono. Ungeisoma ukiwa njiani, peke yako, ukiwa mbali na mimi. Ungelia au usilie, mimi nisione. Kisha ningerudi nyumbani, na mama yako angenipakulia ugali wa uwele kama kawaida, hajui.

Sitafanya hivyo. Nakupa leo, kabla jua halijashuka, ili uwe na jioni nzima na mimi niwe karibu. Uulize unachotaka. Useme unachotaka. Ukitaka kuninyima heshima ya kuniita bamdogo, ninyime. Sijisikii chochote hata sasa, mkono unaandika tu, na sijui nitajisikiaje ukinitazama baada ya kusoma. Pengine hakuna kitakachotokea. Pengine mguu utaanza kuchomachoma.

Nawasikia mlangoni. Mama yako analalamikia bei ya godoro, wewe unamwambia amlipe bodaboda kwanza. Nakuomba jambo moja tu. Ukishasoma, msomee na yeye, kwa sauti, yote, na lile la Kibaigwa usiliruke. Mimi niko hapa hapa kwenye benchi la uani. Nitawasikia mkisoma. Sitaondoka mpaka mmalize.

Baba yako mdogo,
Stefano